Uungwana: Cheo Kilichovaa Jina la Tabia

Katika Kiswahili cha leo uungwana ni adabu na utu mwema, hata mtu yeyote aliyelelewa vyema aweza kuitwa muungwana; lakini katika miji ya pwani ya karne ya 19 neno hilo lilitaja kwanza hadhi ya kuzaliwa huru, kinyume cha utumwa, na hadhi hiyo iliandamana na mali, nasaba inayotajika na, kwa waliojaliwa zaidi, nyumba ya mawe. Waungwana wa Lamu, Mombasa na Unguja waliyaona hayo kuwa matunda ya malezi yao, ilhali kwa sehemu kubwa yalitokana na jasho la watu waliowalimia mashamba na kuwachotea maji. Ugumu wa kuutambua upendeleo huo ulikuwa ndani ya lugha yenyewe: kwa kuwa cheo na tabia njema vilibeba jina moja, aliyenyimwa cheo alihesabiwa kuwa amepungukiwa na tabia pia.

Aliyenyimwa, kwa upande wake, aliijua mipaka hiyo kila alipovaa. Mwanamke mtumwa alijifunga merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichopewa jina la nchi kilikotoka, au kaniki, ambayo ni nguo iliyotiwa rangi nzito ya nili, na mwanamume mtumwa alitarajiwa kwenda bila viatu na bila kofia. Muungwana aliyevaa kanzu, kofia na makubadhi hakuwa na sababu ya kuyafikiria mavazi yake, na huenda hiyo ndiyo alama ya upendeleo iliyo ngumu kuliko zote kuonwa na mwenye nao.

Sheria ya Aprili 1897, iliyotolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed chini ya shinikizo la Waingereza, iliondoa utumwa Unguja na Pemba bila kuugusa urithi wake. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, kisha aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fidia alilipwa bwana kwa hasara yake, na aliyetumikishwa miaka yote hakulipwa kitu. Masuria, yaani wajakazi waliowekwa kinyumba na mabwana zao, waliachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909, na ni vigumu kuliita jambo hilo jina lingine isipokuwa dhuluma.

Waliopata uhuru, wengi wao wakiishi Ng'ambo, upande wa pili wa hori kutoka Mji Mkongwe, waliitupa kaniki na kununua kanga, na baadaye buibui, wakidai kwa nguo heshima ambayo mahakama haikuwapa. Dai hilo lilikuwa limekwisha kutolewa mbali zaidi, kwenye misafara ya pembe za ndovu, ambako wapagazi na askari kutoka pwani, wengi wao wakiwa watumwa kisheria, walijiita waungwana mbele ya watu wa bara. Jina hilo walifika nalo hadi Kongo, na Kiswahili walichokiacha mashariki mwa nchi hiyo kikaitwa Kingwana.