Mizimu ya riwaya hudai nyumba yake

Katika miji yetu ya Kongo, maneno yaleyale yanasomeka kwenye kuta na mageti, yamepakwa rangi kwa mkono: "Parcelle à ne pas vendre". Kiwanja hiki hakiuzwi. Mwenye kuyaandika anaogopa asije akasafiri, akirudi amkute mtu mwingine anaanika nguo uani mwake, tena ana karatasi yenye muhuri. Msomaji wa Bunia, huku Ituri, anayeijua hofu hiyo hatapata shida kuielewa riwaya ya nyumba yenye mizimu. Tangu ilipozaliwa, zaidi ya miaka 250 iliyopita, riwaya hiyo imekuwa kesi ya mali.

Ya kwanza inayotambuliwa ni The Castle of Otranto, iliyotoka London mwishoni mwa 1764. Mwandishi wake, Horace Walpole, hakutia jina lake; alijisingizia kuwa ametafsiri kitabu cha kale cha Kiitaliano. Kisa kinaanza siku ya harusi. Kofia kubwa mno ya chuma inaanguka uani na kumponda bwana harusi, kijana Conrad. Baba yake, Manfred, anahaha kutafuta mrithi mwingine, hata yuko tayari kumwacha mkewe na kumwoa mchumba wa marehemu mwanawe. Mwishoni siri inatoka: babu yake Manfred alimpa sumu Alfonso, mwenye ngome, kisha akaghushi wosia. Mzimu wa Alfonso unavimba mpaka kuta zinaporomoka, na unamtaja mrithi wa haki, Theodore, aliyekuwa akionekana kijana wa shamba tu.

Waliofuata walibadilisha mapambo, shauri likabaki lilelile. Katika The Hound of the Baskervilles ya 1902, Arthur Conan Doyle alileta jumba linaloandamwa na mbwa wa kuzimu. Sherlock Holmes akachunguza, akakuta ni mbwa wa kawaida aliyepakwa fosforasi mdomoni na ndugu mmoja aliyeutamani urithi. Mwandishi huyohuyo ndiye aliyetoa, mwaka 1909, The Crime of the Congo, kitabu cha kushtaki unyang'anyi wa utawala wa Leopold II katika nchi yetu. Hata The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson, iliyotoka Marekani 1959 na ambayo wengi huiweka juu ya zote, ina ugomvi wa urithi msingini: madada wawili wanagombea jumba la baba yao, linaangukia kwa msichana wa kijijini aliyeishi na mkubwa wao, naye anasumbuliwa mpaka anajiua.

Kwa Kiswahili, njia ya Holmes ilishikwa na Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, aliyepata kuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Mswada wake Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957–58, ukachapishwa 1960. Tajiri mmoja mwenye mashamba anakutwa amekufa kwenye mzimu wa kale ambao watu wanauogopa. Wengi wangeridhika kusema mzimu umemchukua. Mpelelezi wa kisa hicho, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, anakataa jibu hilo jepesi, anawaulizia walio hai. Hofu ya mahali pale ilikuwa pazia zuri kwa muuaji.

Nchini Kenya, Yvonne Adhiambo Owuor alilirudisha shauri kwenye nyumba yenyewe. Katika Dust, ya 2014, familia ya Oganda inaishi Wuoth Ogik, nyumba iliyojengwa na Mwingereza kwenye nyika ya kaskazini. Mtoto wa Mwingereza huyo anafika kumtafuta baba yake, na wenyeji wake wana siri wasiyotaka kuigusa.

Kwa Wakongo, hofu iliingia kwenye riwaya kupitia mtoni. Ngando ya Paul Lomami Tchibamba, iliyopata tuzo Brussels 1948, ina mtoto aliyetoroka shule akachukuliwa na mamba aliyetumwa na mchawi. Hakuna jumba la kurithiwa humo, na sababu si ngumu kuiona: amri ya kikoloni ya kumruhusu Mkongo kumiliki nyumba kwa hati yake binafsi ilikuja 1953.

Hati zilipokuja, nazo zilizaa mizimu yake. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya dola, na mashamba ya walowezi huku Ituri yakapata wenye hati wapya juu ya ardhi ambayo watu wengine walikuwa wakiilima. Mwaka 1999, ugomvi wa mashamba kama hayo huko Djugu uliwasha vita kati ya Wahema na Walendu. Mei 2003 vita vikaingia ndani ya Bunia kwa nguvu, mpaka jeshi la Umoja wa Ulaya likaletwa mwezi uliofuata. Waliokimbilia Beni au Uganda walirudi wakakuta nyumba zao zina watu.

Hapa ndipo Bunia inamshinda Walpole. Ngome ya Otranto ina mwizi mmoja na mrithi mmoja, na mzimu unajua wa kumnyooshea kidole. Mjini kwetu, aliyekutwa ndani ya nyumba mara nyingi naye alikuwa amechomewa yake kijijini, akaingia penye paa alipopakuta wazi. Mahakama inaweza kusoma hati na kutoa hukumu. Haiwezi kumrudishia wa pili kilichoungua. Mwandishi wa Ituri atakayetunga riwaya ya nyumba yenye mizimu hatahitaji kofia ya chuma wala mbwa wa fosforasi. Kazi yake ngumu itakuwa kuamua mzimu wake unamdai nani: aliye ndani ya nyumba, au aliyewafukuza wote wawili.