Hesabu Sahihi, Sababu Mbovu

Tuliosoma fizikia tunaijua V = IR kwa moyo. Ninachokipenda katika historia yake ni kwamba Georg Ohm aliipata kanuni hiyo kabla ya kuujua umeme wenyewe.

Mwaka 1826 alikuwa mwalimu mjini Köln, Ujerumani. Betri za wakati ule hazikutulia, basi akaunganisha shaba na bismuthi, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Mkondo ukatulia, akapima. Katika kitabu chake cha 1827 alidhani umeme umetapakaa ndani ya waya mzima.

Mwaka 1849 Gustav Kirchhoff akasahihisha: ndani ya waya chaji chanya na hasi hulingana, za ziada hukaa kwenye uso wake. Leo tunajua pia kwamba chaji hurundikana kwenye miisho ya rezista. Hizo ndizo zinazousukuma mkondo upenye palipo pagumu, na kazi ya msukumo huo kwa kila chaji inayopita ndiyo volti tunayopima.

Kwa miaka 22, basi, jibu lilikuwa sahihi na maelezo yake yalikuwa na kasoro. Kupata jibu si kuelewa.