Njia ya Pili ya Kolwezi

Kazi yangu hapa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga nchini Kongo, ni kuuliza maswali ambayo wakubwa hawapendi kuyasikia asubuhi. Umeme ukikatika siku tatu, pampu zitazungushwa na nini? Mpaka wa Kasumbalesa, wa kwenda Zambia, ukifungwa, mzigo utapita wapi? Maji yakiingia ghorofa ya chini ya mgodi, nani ana mamlaka ya kuwatoa watu bila kungoja simu ya mtu yeyote? Majibu yake huwekwa katika faili nene, na kampuni huliita mpango wa dharura. Vijana wanaoletwa kutoka nje kulikagua faili hilo hudhani ni elimu mpya. Mimi nimezaliwa na baba wa pampu, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na ninajua kwamba maswali haya yote yalikwisha kuulizwa katika mji huu, na yaliyoyauliza ni maafa yenyewe.

Tuanze na reli, maana shaba isiyofika baharini ni mawe tu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa Brussels mwaka 1906, ikayeyusha shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911, na ilipohamia kwenye utajiri wa magharibi ikaujenga mji wa Kolwezi mwaka 1937. Kokote uelekeako kutoka hapa, bahari iko mbali. Robert Williams, Mskoti aliyepewa kibali na Wareno mwaka 1902, alijenga reli ya Benguela kutoka bandari ya Lobito kuja bara, na mwaka 1931 ikaungana na reli ya Katanga pale Tenke. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia fupi.

Lakini Wabelgiji walikuwa tayari wana njia yao. Mzigo ulipanda treni hadi Ilebo, enzi hizo ikiitwa Port-Francqui. Ukashushwa, ukapakiwa kwenye majahazi ya mto Kasai hadi Kinshasa. Ukashushwa tena, ukapanda treni nyingine kilomita 366 hadi Matadi. Ilikuwa njia ndefu, ya polepole, yenye mikono mingi. Serikali ya kikoloni iliishikilia kwa sababu ilitaka nauli ibaki katika ardhi yake. Kulikuwa pia na njia ya tatu, ya kusini, inayopita Zambia ya leo. Kwa hiyo shaba yetu ilikuwa na milango mitatu, ingawa hakuna aliyeifungua kwa kuogopa maafa.

Agosti 1975 vita vya Angola viliufunga mlango wa Lobito. Haukufunguka kwa mwaka wala kwa kumi: madini ya Kongo yalirudi kupita huko mwaka 2018. Uchumi wa nchi nzima ulikuwa umeegemea pale, na bado migodi haikusimama siku ile. Mzigo ulielekezwa Ilebo, mwingine ukashuka kusini, mwingine ukatafuta Dar es Salaam. Gharama ziliongezeka na mizigo ikachelewa, lakini shaba ilitoka. Ilitoka kwa sababu njia hizo nyingine zilikuwa hai tayari. Ilebo kulikuwa na watu waliokuwa wakipakia majahazi wiki hadi wiki. Walijua mto unapungua lini na kreni gani ni mbovu. Wangeambiwa waifufue njia iliyolala miaka ishirini, shaba ingeoza uwanjani ikiwa kweli shaba huoza.

Jambo hilo, kuiweka akiba hai, baba yangu alilifanya kila wiki bila kulisoma popote. Alikuwa mlinzi wa pampu katika mgodi wa chini ya ardhi. Daftari la zamu lilikuwa na safu nne: saa, kina cha maji, ampea za mota, sahihi. Liliandikwa kila baada ya saa moja, mchana na usiku. Anayetoka hakupanda juu mpaka anayeingia asome kina cha maji kwa macho yake mwenyewe na kutia sahihi chini ya sahihi yake. Na kila wiki waliizima pampu kubwa makusudi, wakaiwasha ile ya akiba, ikafanya kazi zamu nzima. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini waisumbue pampu nzuri. Alinijibu, “Mama, mayi hailalake. Pampu yenye kulala, siku utaiita haitaitika.” Katanga mzazi humwita binti yake mama, na sauti ile ya heshima ndiyo iliyofanya nisilisahau jibu.

Mvua za Kolwezi huanza Oktoba na kwisha Aprili, na mwamba wetu una maji mwaka mzima. Mgodi wa chini ya ardhi humalizwa na kimya cha pampu haraka kuliko na moto. Ndiyo maana Mei 1978 ilikuwa mtihani mkubwa kuliko wowote uliowahi kuupata mji huu. Tarehe 13 wapiganaji wa FNLC, kundi la waasi la Nathaniel Mbumba, Wakatanga wengi wao waliokuwa uhamishoni Angola, waliingia mjini. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Kifaransa wa kikosi cha 2e REP waliruka juu ya Kolwezi, na kesho yake Wabelgiji wakafuata. Waliouawa, Wazungu na Waafrika, walihesabiwa kwa mamia, na Waafrika ndio wengi. Mafundi wa kigeni waliondolewa kwa ndege karibu wote, na mashine wakaziacha. Baba alisimulia kwamba milio ya risasi ilipopungua, watu waliulizana kwanza habari za ndugu, kisha habari za pampu.

Mshindo wa Kolwezi ulisikika mbali. Zaire, jina la Kongo wakati huo, ilitoa takriban nusu ya kobalti ya dunia, na kobalti hiyo ilikuwa ndani ya injini za ndege na sumaku za vipaza sauti. Bei ya wazalishaji ilikuwa chini ya dola 7 kwa ratili. Mapema mwaka 1979 ikafika dola 25, na katika soko huria ikapita dola 40. Wanunuzi waliokuwa wakingoja meli wakakodi ndege. Wengi wetu hukumbuka kupanda kwa bei na kusahau kilichofuata: mnunuzi naye alikuwa na mpango wake. Watengenezaji wa sumaku walihamia kwenye feriti isiyo na kobalti, viwanda vikaanza kuokota chakavu na kukiyeyusha upya, serikali zikaongeza maghala. Njia ya pili ya mnunuzi ilikuwa kutuhitaji kidogo zaidi. Februari 2025 Kinshasa iliposimamisha uuzaji wa kobalti nje, kisha Oktoba ikaweka mgawo, niliikumbuka hesabu hiyo. Tayari kuna betri nyingi za magari zinazotengenezwa kwa chuma na fosfeti, bila chembe ya kobalti yetu. Serikali ina haki ya kutetea bei. Lakini iitetee ikijua kwamba upande wa pili nao una faili nene.

Kwa upande wa umeme, mji ulikuwa umebarikiwa. Mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, yaliyojengwa miaka ya 1950, yako jirani nasi. Hata hivyo mwaka 1973 ulianza ujenzi wa njia ya umeme kutoka bwawa la Inga, karibu na Atlantiki, hadi kituo cha kubadilishia umeme hapa Kolwezi, takriban kilomita 1,700. Ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya bei ya shaba kuanguka na deni kupanda. Katanga ilikuwa imejitenga kuanzia 1960 hadi 1963, na wanahistoria wengi wameona kwamba Rais Mobutu alitaka swichi ya Katanga ikae mbali na mikono ya Wakatanga. Megawati za Inga zilihitajika, na zinahitajika hata leo. Kasoro iko njiani: umeme ule, kwa namna unavyosafirishwa, hauchotwi kijijini, na watu wakaishi chini ya nyaya hizo wakiwasha koroboi. Miaka ya shida ilipofika, vyuma vya nguzo vilifunguliwa boliti na kuuzwa. Simtetei mwizi. Nasema tu kwamba ulinzi wa kilomita 1,700 hauwezi kuwa wa askari peke yao. Mtu hukilinda kinachomfaa.

Sasa nifike Kamoto. Mwaka 1986 Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilizalisha tani zipatazo 476,000 za shaba. Ulikuwa mwaka wa fahari, na ndani ya miaka kama hiyo ndimo akiba huliwa. Fedha za madini zilikwenda kulipa siasa: kwa mwaka 1988 peke yake ilionekana kwamba dola milioni 400 hivi za mapato ya nje hazikufika zilipopaswa kufika. Vipuri havikuagizwa, mashine zikakatwa ili kuponya mashine nyingine, ukarabati ukasogezwa mwaka ujao na mwaka ujao tena. Septemba 1990 sehemu ya katikati ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji. Mwaka 1992 na 1993 wenzetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Familia zililala kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi zikingoja treni, na watoto wakafa pale wakingoja. Pamoja nao waliondoka mafundi, waalimu na makarani waliokuwa wamebeba ujuzi wa miaka thelathini vichwani. Ni dhuluma kwanza, na hilo lisifichwe na hesabu yoyote. Lakini ni kweli pia kwamba mji uliowafukuza wajuzi wake wenyewe haukuwa na wa kuwasha pampu ya akiba. Mwaka 1994 uzalishaji haukufika tani 35,000.

Ninapolifundisha somo la Kamoto kwa vijana wa kazi yangu, nawakataza kusema “mgodi uliporomoka Septemba 1990.” Septemba ni mwezi ambao mwamba ulitamka. Maafa yaliandikwa miaka ya nyuma, ofisini, kila mara mtu alipofuta mstari wa vipuri katika bajeti kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Na watu je? Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliamua kuwatuliza wafanyakazi wake mahali pamoja na familia zao. Mwajiri alitoa nyumba, hospitali, shule, na posho: mtu alikwenda na gunia akarudi na unga. Kambini walisema kazi njo baba, kazi njo mama: kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alipoandika habari za watoto wa shaba walioachwa na baba yao, alikuwa anaeleza mwisho wa mpango huo. Kwa shaba, wakoloni waliacha milango mitatu. Kwa mlo wa mfanyakazi waliacha mmoja.

Mama yangu alifungua wa pili. Miaka ya 1980, posho ikiwa bado inatosha, alilima nje ya mji mahindi na mihogo. Jirani walimshangaa mke wa mtu wa kazi kushika jembe. Mahindi aliyahifadhi kwenye pipa. Mihogo aliiacha ardhini, akang'oa ya leo tu, kwa kuwa muhogo hukaa salama udongoni mwaka na zaidi. Kila msimu tulikula cha shambani hata kama unga wa posho ulikuwepo. Kwa hiyo miaka ya 1990 ilipofika, sisi watoto tulijua njia ya shamba, tulijua kumenya, kuloweka na kuanika, na bukari, yaani ugali, wa muhogo haukuwa mgeni mezani. Waliokwenda kukata shamba lao la kwanza wakiwa na njaa walipata taabu mara mbili. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walipolipwa mkupuo na kuondolewa kazini kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, nyumba nyingi zilikuwa zinaishi kwa jembe, kwa biashara ndogo, na kwa vijana waliokwisha kuingia mashimoni kama creuseurs, wachimbaji wa mikono.

Vijana hao ndio walio nje ya kila faili hadi leo. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika machimbo ya KOV, ndani ya eneo la Kamoto Copper Company, na watu wasiopungua 43 walioingia kuchimba kwa mikono wakafa. Mpango wa dharura huhesabu walio na kadi za kazi. Ardhi haiombi kadi.

Na tusidhani mitambo mipya imetutoa hatarini. Mei 2025, katika mgodi wa Kakula wa Kamoa-Kakula, magharibi ya mji, mmoja wa migodi mikubwa na ya kisasa kuliko yote Afrika, mwamba ulitikisika, uchimbaji wa chini ukasimamishwa, na maji yakapanda. Pampu kubwa ziliagizwa kutoka ng'ambo na kazi ya kuyatoa maji ikachukua miezi. Swali likawa lilelile la daftari la baba: kina cha maji ni kiasi gani, na nani amekisoma?

Lobito imefunguka tena, na tangu 2024 inaendeshwa na waliopewa mkataba mpya. Watu wanashangilia, nami pia. Ila katika kila kikao nasema jambo moja: Ilebo isisahauliwe, Dar es Salaam isisahauliwe, mabwawa ya Lualaba yasiachwe kwa sababu Inga ipo. Mzigo kidogo upite kila njia kila mwezi, hata kama ni ghali. Jenereta ibebe mgodi zamu nzima, si dakika tano mbele ya mkaguzi. Fedha za vipuri ziwekwe mahali ambapo mkurugenzi wa mwaka mzuri hawezi kuzigusa. King'ora kisikike katika mitaa ya Dilala na Manika, na wachimbaji wa mikono wajulishwe wakimbilie wapi. Na faili la dharura lisihesabiwe limekamilika kwa sahihi ya ofisini, mpaka mlinzi wa pampu wa zamu ya usiku alisome kwa lugha anayoitumia, aseme limefaa, na aweke yake.