Kichujio cha Fuwele Kioevu

Kichujio cha fuwele kioevu ni kifaa cha kuwekwa mbele ya kamera ili kipitishe rangi moja ya mwanga kwa wakati mmoja. Rangi hiyo hubadilishwa kwa umeme, bila kipande chochote kusogea. Katika infraredi, mwanga ambao jicho halioni, kitu kimoja hupigwa picha nyingi, kila moja kwa urefu wake wa wimbi, na kila nukta ya picha ikaeleza kilichomo ndani yake. Uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, ni mahali pazuri pa kukielezea kichujio hiki, kwa kuwa udongo wake una vitu viwili vinavyosomeka vyema kwa infraredi: chuma na nyasi zilizooza.

Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea huko Prague, alipasha moto kemikali inayotokana na kolesteroli akaona inayeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145 hivi ikawa majimaji yenye ukungu, na karibu na nyuzi 179 ikawa angavu. Hali hiyo ya katikati, yenye utiririkaji wa maji na mpangilio wa fuwele, ndiyo fuwele kioevu, ambayo leo imo katika vioo vya vikokotoo na simu. Upande wa kichujio ulitoka kwa Bernard Lyot, mwanaastronomia wa Ufaransa, aliyeeleza wazo lake mwaka 1933 akitaka kulipiga picha jua kwa rangi moja ya hidrojeni. 

Kifaa cha Lyot ni msururu wa mabamba ya fuwele, kila moja likiwa na unene maradufu ya lililotangulia, na kati yao kuna vioo vinavyopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu. Kila bamba huugawa mwanga katika miali miwili yenye kasi tofauti. Miali ikikutana tena, baadhi ya rangi huimarika na nyingine huzimika. Bamba nene kuliko yote ndilo linaloamua wembamba wa rangi inayobaki. Fuwele kioevu ikiongezwa katika kila hatua, volti chache hugeuza molekuli zake, na rangi inayopita huhama kwa sehemu ndogo ya sekunde. Gharama yake ni giza: kioo cha kwanza peke yake hula nusu ya mwanga wa kawaida.

Katika Ufipa, faida yake huonekana kwanza kwenye chuma. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuri marefu ya udongo yenye kimo cha takriban mita 3, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Bertram Mapunda, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliichambua kazi hiyo kwa kina. Madini ya chuma hujitambulisha katika infraredi ya karibu: hematiti hufyonza mwanga zaidi kwenye nanomita 860 hivi, na goethaiti kwenye 920 hivi. Setilaiti za Sentinel-2, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2015, zina mikanda ya mwanga isiyobadilika. Mmoja uko kwenye 865 na unaofuata uko kwenye 945, nao umewekwa kwa ajili ya mvuke wa maji angani. Goethaiti huangukia kwenye pengo la katikati. Kichujio cha fuwele kioevu hulipita pengo hilo hatua kwa hatua, nanomita kumi kumi, na ndiyo maana naona kinafaa sana kwa mabaki ya malungu.

Jambo la pili ni kilimo. Mkulima wa Kifipa kwa desturi hugeuza nyasi kwa jembe mvua zinapoelekea kwisha, akazifukia katika matuta ya mviringo ili zioze na kuulisha udongo. Mboji hutia udongo weusi, unaoonekana hata katika infraredi ya karibu. Alama za udongo wa mfinyanzi, karibu na nanomita 2,200, ziko nje ya uwezo wa vichujio vya kawaida vya aina hii, ambavyo vingi huishia 1,800. Kwa hizo ni afadhali maabara, kama ile ya ICRAF, shirika la utafiti wa kilimo mseto cha miti, jijini Nairobi, inayopima udongo uliokaushwa na kusagwa.

Angani kifaa hiki kimeshajaribiwa. Setilaiti ndogo RISING-2 ya vyuo vikuu vya Tohoku na Hokkaido, Japani, ilirushwa nacho mwaka 2014, ikifuatwa mwaka 2016 na Diwata-1 ya Ufilipino. Ugumu ni kwamba picha hupigwa moja baada ya nyingine, huku chombo kikisonga, hivyo lazima zilinganishwe upya. Mtu anayepiga picha nyasi za Ufipa siku ya upepo atakutana na shida hiyohiyo. Kipande cha mavi ya chuma, yaani takataka ya kuyeyushia, kilichotulia mezani hakina shida hiyo.

Halijoto nayo ina neno. Baridi huifanya fuwele kioevu kuwa nzito na kuchelewa kugeuka, na joto hupunguza nguvu yake ya kuugawa mwanga. Asubuhi ya Juni mjini Sumbawanga, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, si sawa na adhuhuri yake. Mpimaji hupiga kwanza picha ya bamba jeupe linalojulikana, na kuirudia kila hewa inapobadilika.