Imani na Taasisi Katika Ukristo wa Gisenyi: Jimbo la Nyundo Tangu 1901 Hadi Sheria ya 2018

Miongoni mwa vijana wa mijini katika Afrika Mashariki imezoeleka kusikia mtu akisema kwamba anamwamini Kristo lakini hana haja na dini. Nairobi na Dar es Salaam kauli hiyo hutolewa kwa wepesi, na aghalabu hueleza uchovu wa michango isiyokwisha, wa ugomvi wa madaraka ndani ya makanisa na wa viongozi wanaojitajirisha kwa sadaka. Nchini Rwanda kauli hiyo hiyo ina uzito wa namna nyingine. Anayeitoa Gisenyi, mji mkuu wa wilaya ya Rubavu, kando ya Ziwa Kivu na ubavuni mwa Goma, anaitoa mahali ambapo swali la imani na taasisi liliwahi kujibiwa mbele ya kaburi lililo wazi.

Makala haya yanalifuatilia swali hilo katika eneo moja, yaani misheni na baadaye jimbo la Nyundo, lililo jirani na mji huo. Hoja inayojengwa ni kwamba historia ya eneo hili haiungi mkono mgawanyo unaoiweka imani upande wa wema na taasisi upande wa uovu. Vilevile haiungi mkono dhana iliyo kinyume, ambayo imejificha katika sera za miaka ya karibuni, kwamba dini ikisajiliwa, ikawa na viongozi wenye shahada na majengo yaliyokaguliwa, basi jamii imekwisha kujikinga nayo.

Misheni, ikulu na ubatizo

Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, walianzisha kituo chao cha kwanza Rwanda huko Save mwaka 1900. Nyundo ilifuata mwaka 1901, katika nchi ya Bugoyi, ambako mkono wa ikulu ya Mwami Yuhi Musinga haukuwa na nguvu kama ule uliozishika sehemu za kati. Wagoyi hawakuwa watu wasio na dini. Ibada ya Ryangombe ilikuwa na taratibu zake za kuwaingiza wafuasi, viongozi wake na miiko yake, na upande wa kaskazini Nyabingi naye alikuwa na wahudumu waliosikilizwa na kuogopwa. Misheni, kwa hiyo, haikuleta mpango wa dini mahali pasipokuwa na mpango. Ilileta mpango mwingine, wenye daftari la ubatizo, shule na njia ya kuwafikia watawala. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwani wengi wanaoishutumu dini yenye mfumo huzungumza kana kwamba mfumo wenyewe ulishuka kutoka melini.

Njia ya kuwafikia watawala ndiyo iliyozaa matokeo makubwa. Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga, aliyekataa kubatizwa, kwa kuungwa mkono na Askofu Léon Classe. Mwanawe, Mutara III Rudahigwa, alitawazwa mwezi huo huo. Machifu na wana wao walikuwa wamekwisha kutambua kuwa ubatizo na cheo vinakwenda pamoja, na umati ukawafuata. Rudahigwa mwenyewe alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi chini ya Kristo Mfalme. Ian Linden, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu Kanisa na mapinduzi nchini Rwanda, ameonyesha kwa kina jinsi Kanisa lilivyokuwa mshirika wa utawala kabla ya kuwa mshirika wa wapinzani wa utawala huo. Haina maana kwamba waliobatizwa hawakuamini. Ina maana kwamba imani yao iliandikwa katika daftari lile lile lililokuwa pia ngazi ya kupandia, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuvitenganisha viwili hivyo kwa kutazama takwimu.

Askofu aliyeuliza swali

Mwaka 1952 ulikuwa wa pekee katika ukanda huu. Februari, Laurean Rugambwa aliwekwa wakfu kuwa askofu huko Tanganyika. Juni, Aloys Bigirumwami aliwekwa wakfu huko Kabgayi ili aongoze vikariati mpya ya Nyundo, akawa askofu wa kwanza Mnyarwanda. Uganda ilikuwa imewatangulia kwa Joseph Kiwanuka mwaka 1939. Nyundo, misheni ya pembezoni, ikawa makao ya askofu mzalendo wakati Kabgayi, kitovu cha Kanisa, ikiwa bado mikononi mwa Wazungu.

Bigirumwami alikuwa mtu wa taasisi kwa kila kipimo. Hata hivyo, ndiye aliyekusanya na kuandika mila, visa na desturi za Wanyarwanda, zikiwemo zile za kubandwa, ambazo watangulizi wake walitaka zisahauliwe. Mwaka 1954 alianzisha jarida la watoto, Hobe. Septemba 1958 aliandika katika gazeti la Kikatoliki la Ufaransa, Témoignage Chrétien, akihoji wepesi wa kuwagawa Wanyarwanda katika mafungu mawili na kuliita kila fungu kwa jina moja, kana kwamba maskini na tajiri hawapatikani katika yote mawili. Miezi mitano baadaye, tarehe 11 Februari 1959, Askofu André Perraudin wa Kabgayi alitoa barua yake ya Kwaresima iliyozungumzia upendo na haki, na kueleza kuwa tofauti za kijamii nchini zinafungamana kwa sehemu kubwa na tofauti za kimbari. Wasomaji wengi waliipokea kama baraka kwa siasa ya kikabila. Perraudin alisema hakukusudia hivyo, na watafiti bado wanabishana kuhusu nia yake. J. J. Carney ameandika kitabu kizima juu ya maaskofu hawa wawili na zama zao, nacho kinafaa kusomwa na yeyote anayedhani kuwa Kanisa la wakati huo lilikuwa na sauti moja. Lilikuwa na sauti mbili. Moja ilisikika zaidi.

Baada ya Bigirumwami kung'atuka mwaka 1973, kiti cha Nyundo kilipewa Vincent Nsengiyumva, ambaye mwaka 1976 alihamishiwa Kigali kuwa askofu mkuu. Kwa miaka mingi alikaa katika kamati kuu ya chama tawala cha MRND, chama cha Rais Juvénal Habyarimana, mzaliwa wa mkoa huo huo wa Gisenyi. Aliuawa na askari wa RPF huko Gakurazo, Juni 1994. Mrithi wake Nyundo, Wenceslas Kalibushi, alishika mwenendo tofauti. Mwishoni mwa Desemba 1993 yeye na mapadri wake walitoa tamko la wazi kuhusu silaha zilizokuwa zikigawiwa raia katika eneo lao, wakiitaka serikali ieleze silaha hizo ni za kazi gani. Tamko hilo lilitolewa na jimbo, kwa muhuri wa jimbo. Halikutolewa na waumini waliojitenga na dini.

Aprili 1994: nyumba moja, milango miwili

Mauaji ya kimbari yaliifikia Nyundo katika saa za kwanza baada ya ndege ya rais kutunguliwa tarehe 6 Aprili. Waliokimbilia seminari ndogo, uaskofu na kanisa kuu waliuawa humo humo, na jimbo likapoteza mapadri wengi. Kalibushi mwenyewe alipelekwa hadi makaburini, akaponea chupuchupu. Makaburi hayo ya Gisenyi yalikuwa yamepewa na wauaji jina la Commune Rouge, na leo ni mahali pa kumbukumbu. Omar Serushago, mmoja wa viongozi wa Interahamwe mjini humo, alikiri makosa yake mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, Arusha, akahukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 1999.

Mjini Gisenyi, katika Kituo cha Saint Pierre, aliishi Félicité Niyitegeka, mlei aliyezaliwa mwaka 1934 na aliyejitoa maisha yake yote katika chama cha Wasaidizi wa Utume. Hakuwa mtawa wa kanzu, wala hakuwa na cheo cha kuhubiri. Alikuwa Mhutu, na kaka yake alikuwa afisa wa jeshi. Watutsi waliokuwa wakiwindwa walikimbilia kwake. Baadhi yao alisaidia kuwavusha usiku kwenda Goma. Kaka yake alipotaka kumwondoa, alimwandikia barua ya kumshukuru na kukataa: alikuwa na watu 43 chini ya uangalizi wake, na alichagua kufa nao kuliko kuwaacha. Tarehe 21 Aprili walichukuliwa kwa basi hadi Commune Rouge. Huko nako alipewa nafasi ya kujiokoa, akaikataa tena.

Siku tano kabla, katika jimbo hilo hilo, parokia ya Nyange ilikuwa imeangushwa kwa tingatinga juu ya wakimbizi wapatao 1,500. Padri aliyekuwa akiisimamia, Athanase Seromba, alikwenda baadaye Italia, akatumikia parokia jijini Florence, hadi alipojisalimisha Arusha mwaka 2002. Alikana mashtaka. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 2006 na kumpa kifungo cha miaka 15. Mwaka 2008 mahakama ya rufani iliona kuwa alishiriki mauaji hayo moja kwa moja, ikampa kifungo cha maisha.

Hapa ndipo mgawanyo wa imani na dini unapoelemewa. Ni rahisi kusema kwamba Niyitegeka aliiwakilisha imani na Seromba aliiwakilisha taasisi. Lakini nyumba ambamo wakimbizi walijificha ilikuwa nyumba ya Kanisa. Ahadi iliyomfunga Niyitegeka aliitoa ndani ya chama chenye kanuni na askofu. Neno lenyewe, uangalizi, ni neno la mtu aliyepewa kazi na anayejua atatoa hesabu yake kwa nani. Imani isiyo na nyumba isingekuwa na mahali pa kuwaficha watu 43. Kwa upande wa pili, Seromba alipata malezi yote ambayo taasisi inaweza kumpa padri: seminari, daraja takatifu, parokia. Timothy Longman, katika kitabu chake cha mwaka 2010, anaeleza kuwa makanisa ya Rwanda yalishindwa kwa sababu ya mazoea ya muda mrefu ya kushirikiana na watawala na kucheza siasa za kikabila. Maelezo hayo yanaitosha sehemu kubwa ya ushahidi wa Nyundo. Hayamtoshi Niyitegeka, na pengine hayakukusudiwa kumtosha.

Nyange ina jambo jingine. Tarehe 18 Machi 1997 wanamgambo waliivamia shule ya sekondari ya hapo wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, na baadhi yao waliuawa. Wao na Niyitegeka wamo katika daraja moja la mashujaa wa taifa, Imena, pamoja na Mwami Rudahigwa, yule aliyeiweka nchi chini ya Kristo Mfalme.

Msamaha, takwimu na ukaguzi

Machi 1996 Papa Yohane Paulo II aliandika kwamba Kanisa kama Kanisa haliwezi kubebeshwa lawama kwa makosa ya waumini wake waliotenda kinyume cha Injili. Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki mauaji. Machi 2017, alipompokea Rais Paul Kagame huko Vatikani, Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kutoka "waumini" hadi "Kanisa". Kwa mwanateolojia hiyo ni hatua moja. Kwa aliyenusurika Nyundo ni karibu umri wa kizazi.

Wakati huo waumini walikuwa wakihama. Katika sensa ya 1991 Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 63 ya Wanyarwanda. Mwaka 2012 walikuwa asilimia 44, na mwaka 2022 asilimia 40. Waliohama hawakuiacha dini: wasio na dini walibaki asilimia 3 tu mwaka 2022. Wengi waliingia makanisa ya Kipentekoste, mengine madogo yasiyozidi chumba kimoja cha kukodi.

Serikali ilijibu kwa Sheria Na. 72/2018 ya tarehe 31 Agosti 2018. Kiongozi wa kanisa alitakiwa awe na shahada ya elimu ya dini, akipewa miaka mitano ya kuitafuta. Majengo yalitakiwa yawe na usalama, vyoo na uzuiaji wa kelele. Muda huo ulipokwisha ukaguzi ulifanyika nchi nzima, na hadi mwanzoni mwa Agosti 2024 nyumba za ibada zaidi ya 4,000 zilikuwa zimefungwa, na idadi ikaendelea kupanda. Sababu za kiusalama si za kubeza: Machi 2018 radi iliua waumini 16 wa kanisa la Kiadventista huko Nyaruguru. Wala si uongo kwamba wahubiri wengine huwanyonya maskini. Lakini mshauri wa sera anayeisoma sheria hiyo akiwa Rubavu atagundua kuwa parokia ya Nyange ya mwaka 1994 ingefaulu ukaguzi karibu katika kila kipengele.

Liko kundi ambalo ukaguzi haulioni, nalo ni jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ziitwazo kwa Kinyarwanda imiryango remezo. Hukutana nyumbani kwa mwanajumuiya, hazina jengo la kukaguliwa wala kiongozi wa kudaiwa shahada. Ndizo zilizobeba sehemu ya kazi ya ile iliyoitwa Gacaca ya Kikristo, kuelekea Jubilei ya mwaka 2000, pale waumini walipoketi kuambiana yaliyotendeka baina yao. Zilitenda nini katika mitaa ya Gisenyi mwezi Aprili 1994, nani ndani yake alificha watu na nani alionyesha njia, ni habari inayopatikana zaidi vinywani mwa watu kuliko katika nyaraka za jimbo. Waliokuwa na umri wa miaka 40 wakati huo sasa wamevuka 70.