Eti paka anaringa!

Kila aliyewahi kufuga paka ameshaambiwa: "Huyo anaringa tu, njaa ikimzidi atakula." Hebu leo tuiangalie kauli hii kwa jicho la historia, maana imeua paka wengi.

Katikati ya karne ya 19 jiji la London lilikuwa na wachuuzi wa nyama ya paka. Usishtuke, ni nyama ya farasi iliyochemshwa, ikakatwa vipande na kuchomekwa kwenye vijiti, ikapitishwa nyumba kwa nyumba kwa ajili ya paka. Mwandishi wa habari Henry Mayhew aliwaeleza vizuri wachuuzi hao mwaka 1851. Paka wa enzi zile alikula nyama hiyo, akajiongezea na panya wa uani. Karne ya 20 ikaja na viwanda, makopo na vyakula vikavu vyenye nafaka nyingi, na watu wakaanza kuamini kwamba paka ni mbwa mdogo.

Kumbe sivyo. Mwaka 1975 K. C. Hayes na wenzake wa Harvard walionyesha kuwa paka waliolishwa protini ya maziwa peke yake waliharibika macho kwa kukosa taurini. Taurini hupatikana kwenye nyama na samaki, na mwili wa paka hauwezi kujitengenezea ya kutosha. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakakuta jambo zito zaidi: paka waliokuwa wakifa kwa moyo kutanuka walikuwa wanakula vyakula vya dukani vilivyosifiwa kuwa kamili! Walipoongezewa taurini mioyo yao ikapata nafuu, na viwanda vikalazimika kubadili mapishi. Halafu mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, Philadelphia, wakagundua kwamba jeni ya paka ya kuonja utamu imeharibika. Mpe biskuti, atakutazama tu.

Sasa tuje kwenye hofu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha matokeo ya kuwafuatilia paka wagonjwa na wazima. Ratiba ilipovurugika, au mlishaji alipobadilika, hata wazima walianza kutapika na kugoma kula. Hapakuwa na maringo hapo.

Na mgomo huo una hatari yake. Paka asipokula kwa siku kadhaa, hasa aliyekuwa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulisonga. Madaktari wa mifugo walianza kuuandika ugonjwa huu miaka ya 1970, na zamani wengi walikufa. Siku hizi paka huwekewa mrija wa chakula, akalishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na wengi hupona. Kwa hiyo "atakula njaa ikimzidi" ni ushauri wa kumzika.

Paka wa dada yangu alihamishwa kutoka Tanga kuja Dar, akaingia chini ya kitanda na kususa. Siku ya pili tu akapelekwa kwa daktari wa mifugo, asikutwe na ugonjwa. Basi akatengewa chumba kimoja kisicho na kelele, sahani mbali na choo chake, dagaa waliochemshwa bila chumvi wakiwa vuguvugu ili harufu ipande, kijiko kimoja kimoja mara tano kwa siku. Hakuna aliyemkodolea macho. Paka wa porini hukamata panya wadogo wadogo mara nyingi kwa siku, hajui habari ya sinia la mchana. Chakula kipya kilichanganywa na cha zamani kwa zaidi ya wiki, na kila Jumamosi alipimwa uzito kwenye mizani ya duka la jirani, akiwa ndani ya kikapu, wateja wakicheka.

Mchuzi wetu wa jana usimpe, jamani. Kitunguu ni sumu kwa paka.