Kombe la Majirani: Ubingwa wa Mataifa Uonekanavyo Kando ya Mto Kagera

Mto Kagera, ukisha kupita maporomoko ya Rusumo, huelekea kaskazini ukiitenga Rwanda na Tanzania. Kisha huko Kyerwa hugeukia mashariki ukawa mpaka wa Tanzania na Uganda. Mtu asimamapo Murongo huiona Kikagati ng'ambo ya pili, nayo ni nchi nyingine. Jina la Isingiro liko pande zote mbili: upande huu ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, upande ule ni wilaya nzima ya Uganda. Kinyambo cha Karagwe na Kinyankore cha ng'ambo ni lugha zilizo karibu mno, hata wasemaji wake husikilizana bila ya mkalimani. Kwa hiyo tarikhi ya mataifa ya Afrika ya Mashariki kushindania makombe ya kandanda haisomeki hapa kama isomekavyo Dar es Salaam au Kampala. Huko mjini jirani ni mgeni aliyekuja kucheza. Hapa aghalabu jirani ni shemeji.

Yafaa ikumbukwe kwamba kombe lilitangulia, mataifa yakafuata. Mwaka 1926 kampuni ya sabuni ya Gossage ya Uingereza ilitoa kombe lishindaniwe na Kenya na Uganda, nchi mbili zilizokuwa chini ya himaya moja, na Kenya ikalitwaa mwaka huo wa kwanza. Tanganyika iliingia mwaka 1945, Unguja na Pemba mwaka 1949. Tanganyika basi ikalichukua kombe hilo miaka mitatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951. Chama cha TANU kiliundwa mwaka 1954. Yaani Tanganyika ilikuwa bingwa wa kandanda kabla haijapata chama cha kuidai nchi, wakati ambapo Mnyambo wa Karagwe alimtambua Omukama wake kuliko alivyolitambua neno Tanganyika. Sifa hizo za 1949 hata 1951 leo hazitajwi sana, na hayo ni makosa, maana ndizo msingi wa yote yaliyofuata. Baada ya uhuru Tanganyika ililitwaa tena mwaka 1964 na 1965.

Lakini miaka iliyo na mafunzo zaidi ni ile ya Idi Amin. Septemba 1972 wakimbizi wa Uganda wenye silaha waliingia kwao kutoka Tanzania, wakashindwa. Ndege za Amin zikaupiga mji wa Bukoba kwa mabomu, na Oktoba serikali mbili zikapatana Mogadishu. Mwaka uliofuata Kombe la Chalenji, mrithi wa lile la Gossage, lilianza upya chini ya baraza la vyama vya mpira vya Afrika ya Mashariki na Kati, na mashindano yakafanyika Kampala. Walioingia fainali ni nani? Uganda na Tanzania! Uganda ilishinda kwa mabao 2 kwa 1. Mwaka 1974 wakakutana tena katika fainali, mara hii Dar es Salaam, na Tanzania ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Serikali ambazo hazikuaminiana hata kidogo zilipeleka vijana wao kuchezea kombe moja, wakacheza na kurudi makwao salama. Mwaka 1976 Uganda ilikwenda kulitwaa kombe hilo Zanzibar, katika ardhi ya Tanzania yenyewe, na mwaka 1977 ikalitwaa tena.

Wapo wasemao kwamba ubingwa wa timu ya taifa ni kioo cha afya ya taifa. Lau wasemao hayo wangaliitazama Uganda kutoka ukingo wa kusini wa Kagera katika miaka hiyo, wangaliiacha rai yao upesi. Nchi iliyokuwa ikiua raia wake, ambayo watu wake walikuwa wakiikimbia na kuvuka mpaka kuja Tanzania, ndiyo iliyokuwa ikibeba makombe. Machi 1978 Uganda ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika huko Accra, ikashindwa na Ghana kwa mabao 2 kwa 0. Ethiopia ililipata kombe hilo kubwa mwaka 1962, Sudani mwaka 1970, Kongo ya Kinshasa mwaka 1968 na 1974. Lakini katika nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanzania, hakuna timu nyingine iliyopata kuifikia fainali hiyo kabla wala baada yake.

Haikupita hata miezi minane, jeshi la Amin likaingia Kagera. Huko Missenyi mpaka haufuati mto, bali ni mstari wa latitudo ya digrii moja kusini ya ikweta uliochorwa na wakoloni, na Amin alitaka mto ndio uwe mpaka, kama ulivyo tayari huko Kyerwa. Vita vikapiganwa, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Agosti mwaka huo huo Tanzania ilikwenda sare ya 1 kwa 1 na Zambia mjini Ndola, kwa bao la Peter Tino, ikapata nafasi ya kwenda Nigeria kwenye fainali za mataifa ya Afrika za 1980. Huko ilitolewa katika hatua ya kwanza. Kudai kwamba ushindi wa vita ndio ulioleta ule wa Ndola ni kusahau timu ya 1973 na 1974, iliyokwisha kujua kucheza fainali kabla risasi hazijalia.

Hali kama hiyo ilirudi kutoka upande wa magharibi. Mwaka 1994 Tanzania ililitwaa Kombe la Chalenji nchini Kenya. Mwaka huo huo maelfu kwa maelfu ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao walikuwa katika kambi za Karagwe na Ngara, ambako wengi walikaa mpaka Desemba 1996. Miaka mitatu tu baada ya kurudi kwao, 1999, Rwanda ikalichukua kombe hilo mjini Kigali, tena kwa timu yake ya pili.

Mwaka 2010 Tanzania ililipata tena, Dar es Salaam, kwa bao 1 kwa 0 dhidi ya Ivory Coast iliyokuwa imealikwa. Miaka miwili baadaye, 2012, Kyerwa ilitengwa na Karagwe ikawa wilaya, ikarithi ile kona ya mto, na majirani wawili ambao kila mmoja amekwisha kulibeba kombe.